Uliza Somo: Ya Ibo na Pari yatuhusu nini sisi wa Lamu?

Wiki hii barua zimekuja nyingi na karibu zote zazunguka jambo moja, manake tangu kijana mmoja atuulize mwezi uliopita kama kikundi cha mtaani chaweza kufanya kampeni ya haki ya tabianchi (yaani aliyeijaza hewa moshi ndo abanwe alipe hasara) kwa ajili ya watu wa nchi nyingine, simu yangu haijatulia. Nimechagua tano, zilobaki ntazijibu kwa wasap. Majina hatuweki, kama ada yetu.

*Salamu Somo. Sisi ni vijana kumi na wawili wa Langoni, wasichana ni saba. Wakati wa ile vita ya makaa ya mawe tulikuwa wadogo lakini wazazi wetu walikuwemo. Sasa twataka kufanya kitu kwa ajili ya wenzetu wa Msumbiji na Comoro wanaopigwa na vimbunga, tulifikiria kuandamana na mabango mpaka Mkunguni. Tulipowaambia wakubwa barazani mmoja akasema "tengenezeni kisima chenu kwanza ndo mwende mkatengeneze cha jirani" na wengine wakacheka. Somo kweli twapoteza wakati? (Kijana, Langoni)*

Mwanangu hampotezi wakati hata kidogo, na huyo mzee msimkasirikie, ana haki ya kuuliza. Lakini lishikeni hilo neno lake la kisima, yeye kalitoa kuwavunja moyo na mimi naona ndo jibu lenyewe. Kisima cha kwetu nyumbani tangu bibi yangu yu hai maji yake yalikuwa ya kunywa, mwaka wa 2022 ule ukame ulivyoshika, misimu ya mvua mitano mfululizo imekosa tangu mwisho wa 2020, maji yakaanza kukolea. Kwanza tuliisikia kwenye chai, mama akadhani mtu kakosea kopo la sukari na la chumvi, akaimwaga akapika nyingine, ile ile. Baadae hata wali ukawa hautiwi chumvi, na mwisho tukawa wa kununua maji kwa mtungi yanaletwa na punda. Sasa kisima kama hicho utakitengeneza na sepetu? Mvua ikikosa na bahari ikipanda chumvi yaingia kutoka chini, na alosababisha hayuko Langoni wala Mkomani. Kwa hivo kuhangaikia kisima chetu na kumfuata aliyeijaza hewa moshi ni kazi moja, na katika kazi hiyo watu wa Ibo, kisiwa cha Msumbiji, na wa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Comoro, wametutangulia kwa sababu wao walipigwa kabla yetu.

Waelezeni barazani kwa kituo. Machi 2019 kimbunga Idai kiliingia Beira, watu zaidi ya 1,000 walikufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita hazijaisha vizuri kikaja Kenneth, tarehe 24 Aprili kiko Comoro na siku ya pili yake kiko Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji huko iliko Ibo, upepo zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na Msumbiji ilikuwa haijawahi kurekodi vimbunga viwili vikali namna hiyo katika msimu mmoja. Kimbunga chakula joto la bahari, bahari ikizidi kupata moto chapata nguvu zaidi, na joto hilo latoka kwenye makaa ya mawe na mafuta na gesi iliyochomwa na nchi tajiri miaka mia na zaidi. Sisi Lamu tuko karibu sana na ikweta, nyuzi mbili tu kusini, na huku kimbunga hakipati ule mzunguko wake kwa urahisi, ndo maana twalala usingizi. Na hata hivo Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia na huku kwetu wavuvi wakaambiwa wasitoke.

Halafu waulizeni hao wakubwa, Ngazidja ni ugenini tangu lini? Habib Swaleh alizaliwa huko akaja kwetu karne ya 19, Riyadha ni kazi ya mikono yake, na Maulidi yatuleteayo watu kutoka pembe zote za mwambao ni baraka ya mtu wa Comoro. Na watu wa Ibo wasema Kimwani, kaa nao nusu saa tu masikio yakizoea waanza kuokota maneno ya nyumbani. Hawa si "watu wa nchi za nje", hawa ni watu wa bahari moja na sisi.

Lipo na deni pia. Kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kilikuwa kijengwe Kwasasi, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ikafuta leseni yake kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyopasa, na athari zake kwa tabianchi hazikuangaliwa kama sheria ya 2016 inavyotaka. Kesi tuliipigania sisi, hilo hatunyang'anywi na mtu. Lakini pesa zilikuwa zatoka mbali, na huko mbali kulikuwa na watu wasioijua hata ladha ya mkate wa mofa wakiandika barua na kusimama nje ya milango ya wenye pesa, na mwisho Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaki, na mwaka wa 2020 benki kubwa ya China ya ICBC nayo ikajitoa. Mimi kila nikipanda mashua nikatazama upande wa bara nisione lile bomba la moshi huwakumbuka watu nisiowajua sura.

Watu wapenda kusema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Mimi methali hiyo hainitoshi kwa jambo hili, manake yakufunza kushughulikia kichwa chako tu, yule mwenzako akishanyolewa basi. Nyinyi mwataka kwenda kumshika kinyozi mkono, na ndo sawa.

Sasa namna ya kufanya. Msianze na bango, anzeni kwa kuuliza. Tafuteni kikundi cha wanawake au wavuvi wa huko, wako, Wangazidja hapa mwambao ni wengi watawaunganisha, muwaulize nyinyi mwadai nini na mwamdai nani, na mwataka sisi tuseme nini. Mkingoja jibu wiki tatu ngojeni. Pengine hawataki hata kidogo hayo maneno mlokuwa mmepanga kuandika. Cabo Delgado kwa mfano, juu ya vimbunga kuna mradi mkubwa wa gesi na kuna vita, mtu wa huko neno moja likiandikwa vibaya laweza kumtia hatarini, kwa hivo wao ndo wapimao.

Na maandamano sawa, lakini ningekuwa nyinyi ningetumia tanga. Nilikaa siku nzima na fundi wa matanga Shela, amekunja miguu juu ya jamvi, yadi na yadi za kitambaa cha marekani zimemzunguka, sindano ndefu kama kidole, na kila mshono akiupitishia nta. Akanifunza kuwa rangi ya mafuta haifai, ikikauka tanga likikunjwa yapasuka mistari mistari, itumike rangi ya kitambaa nyembamba ikae ndani ya nyuzi. Na maandishi yakae juu karibu na foromali, ule mti unaoshika tanga, manake huko ndo kitambaa hukazika upepo ukijaa, huku chini kwenye demani, kamba ya tanga, hukunjikakunjika hayasomeki. Herufi ziwe za urefu wa mkono mzima. Andikeni maneno walowapa wao, kwa lugha yao, Kingazidja au Kimwani, mpitishe jahazi mbele ya mji alasiri watu wameketi ufukoni, mtu lazima ataulizana "imeandikwaje pale?" na hapo mshapata mazungumzo. Piga picha wapelekeeni kule kwanza, kabla hamjaiweka popote.

*Asalaam aleikum Bi Somo. Mimi ni mvuvi wa Kizingitini, umri 58. Mwaka wa 2018 mahakama ilisema wavuvi tulipwe bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari, hapo katikati tumezungushwa miaka. Na wakati wote huo watu wa mazingira walikuja wa kila aina. Shirika moja lilituita semina mbili hotelini, wakatupa fulana, wakanipiga picha nimeshika nyavu, wakaenda. Mwaka uliofuata mwanangu akaniona kwenye kalenda yao, chini kuna maneno ya Kiingereza ati mimi ni mhanga. Sasa kuna vijana wataka tuingie kampeni ati kusaidia wavuvi wa Indonesia. Niambie kwa nini niwaamini. (Mvuvi, Kizingitini)*

Waleikum salaam na shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na hiyo kalenda imenichoma. Walokufanyia hivo walikukosea, sitawatafutia udhuru. Mtu aliyesimama mahakamani na wavuvi wenzake karibu 4,600 wakashinda hukumu huyo si mhanga, na alohitaji kukuuliza chini ya picha yako kuandikwe nini alikuwa na simu yako.

Kwa hivo usimwamini mtu kwa maneno yake, wala mimi. Wape masharti. Picha haitoki mpaka uione na uyasikie maneno yake kwa Kiswahili. Posho na nauli zielezwe mbele ya wote, kila mtu ajue nani kapata nini na zimetoka kwa nani. Kikao kifanywe Kizingitini, maji yakiwa hayafai kwenda, sio hotelini siku ya bamvua mtu ameacha riziki yake. Na wakirudi na matokeo waje wayaseme pale pale walipoyachukulia. Wakikataa moja katika hayo, waombe radhi waende zao.

Lakini hao wa Indonesia nataka nikueleze, manake wakikujia vijana wakasema tu "tusaidie wavuvi" hawatakwambia vizuri. Kuna kisiwa chaitwa Pari, kaskazini ya Jakarta, kidogo mno, mtu aweza kukizunguka kwa miguu. Watu wake ni wavuvi, na wana vyumba vya kukodisha wageni, hebu niambie hapo pana tofauti gani na kwetu. Maji ya bahari yameanza kuingia majumbani na visimani. Basi wakazi wanne wa kisiwa hicho wakaishtaki kampuni kubwa ya saruji ya Holcim huko huko kwao Zug, Uswisi, kesi ikafunguliwa 2023. Kutengeneza saruji kwatoa moshi mwingi sana, tanuri lachoma mafuta na jiwe la chokaa lenyewe likipikwa latoa hewa ya ukaa. Na wao hawakuomba sadaka. Wanadai walipwe sehemu ya hasara inayolingana na moshi wa kampuni, kampuni ipunguze moshi wake, na ichangie kuwakinga na mafuriko, ikiwemo kupanda mikoko.

Mikoko mzee wangu! Asilimia kama 60 ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Nyinyi mwajua mkandaa uota wapi na muia uota wapi, mwajua mche ukipandwa penye mchanga mtupu mawimbi yaung'oa mwezi haujaisha, mwajua ni wakati gani wa maji wa kupanda. Nimeona watu wamepanda maelfu kwa ajili ya picha na baada ya kusi moja hakuna hata mmoja. Ningetamani mtu kama wewe akae na mtu wa Pari kwenye simu na mkalimani, nusu saa, muulizane nyinyi mikoko yenu mwaifanya vipi, na kesi yenu mliiendesha vipi mpaka hukumu ikatoka, na kwa nini hukumu ikitoka pesa zachelewa, manake hilo nalo watakuja kulihitaji. Kwenye meza hiyo wewe ni mwalimu. Vijana wakikuita kwa hilo nenda. Wakikuita kuvaa fulana ubaki nyumbani.

*Somo mambo. Niko sekondari hapa Malindi. Mwalimu alitufunza mabadiliko ya tabianchi ni shida ya dunia nzima na kila mtu apande mti. Sasa hiyo "haki" yatoka wapi? Na si bora tuchange nguo na unga tuwapelekee kuliko kelele? (Mwanafunzi, Malindi)*

Poa mwanangu. Mti panda. Lakini shida ya wote si kosa la wote. Afrika nzima twatoa kama asilimia 4 tu ya moshi wa dunia, watu zaidi ya bilioni moja, na Sabaki ikifurika ni nyanya na mahindi ya mtu wa hapo kwenu yanayokwenda baharini, nawe wayaona maji ya bahari yalivogeuka mekundu mpaka Casuarina. Hapo pa "nani kafanya na nani kalipa" ndo haki inapoanzia.

Chukua Pakistan, 2022. Mafuriko yaligusa watu milioni 33, zaidi ya 1,700 wakafa, hasara ikahesabiwa kuwa zaidi ya dola bilioni 30. Mwaka huo huo kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh Misri, baada ya nchi maskini kudai miaka na miaka, kukakubaliwa mfuko wa hasara na uharibifu, na ulipofunguliwa Dubai 2023 ahadi za nchi tajiri zote pamoja zikafika kama dola milioni 700. Hebu fanya hesabu wewe ulie darasani, bilioni 30 ya nchi moja kwa mwaka mmoja, na milioni 700 ya dunia nzima. Unga na nguo ni vizuri, mtu aliyelala juu ya paa maji yamemzunguka ahitaji unga leo, changeni, na tumeni pesa kuliko nguo manake nguo zagharimu kusafirisha na sokoni kwao zipo. Lakini pengo la hapo juu halijazwi na magunia yetu, lajazwa na aliyelifanya akibanwa.

Na kubanwa kwaweza kuanzishwa na watu wa rika lako. Vanuatu ni visiwa kama themanini huko Pasifiki. Mwaka wa 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa chuo kikuu cha Pasifiki ya Kusini waliketi na swali la darasani tu, vipi sheria ya dunia yaweza kutumika kwa jambo hili, wakasema iulizwe Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Wakaiandikia serikali baada ya serikali. Ya Vanuatu ikalibeba, Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio, na tarehe 23 Julai 2025 majaji wa mahakama hiyo huko The Hague wakatoa maoni yao kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi na inayovunja wajibu huo yaweza kudaiwa fidia. Ni maoni ya ushauri, hayamfungi mtu jela, lakini wakili wa kesi yoyote sasa ana kitu cha kushika. Anzeni klabu hapo shuleni, msome muhtasari wake, muutafsiri Kiswahili cha kueleweka, ukurasa mmoja, muusome kwa wavuvi wa Mayungu. Hiyo ni kampeni kamili na haihitaji hata shilingi.

*Bi Somo, binti yangu ana miaka 19, ameingia haya mambo ya kampeni. Naogopa. Askari wapiga watu, na majirani wasema mtoto wa kike hafai kusimama barabarani. Nimkataze? (Mama, Matondoni)*

Dada yangu hofu yako ni ya haki, sikwambii uitupe. Kukusanyika kwa amani bila silaha ni haki yake, kifungu cha 37 cha Katiba, na mazingira safi ni kifungu cha 42. Kibali hakiombwi, hutolewa taarifa kwa kituo cha polisi siku 3 kabla kwa uchache na zisizidi 14, nakala igongwe muhuri aitunze. Mwambie asiende peke yake, nambari ya wakili aiandike mkononi kwa kalamu manake simu huchukuliwa, na akuambie saa ya kurudi. Ya majirani, wakati wa makaa ya mawe kinamama wa mji huu walisimama na buibui zao mbele kabisa. Wewe nenda naye mara moja ukaone. Ukishaona ndo uamue.

*Somo, mimi mtu wa Lamu niko Uingereza mwaka wa kumi na moja. Nasoma safu yako nikiwa kwenye basi. Mtu wa mbali kama mimi nifanye nini, zaidi ya kutuma pesa nyumbani? (Mtoto wa Mkomani)*

Mwanangu wewe ndo uko karibu kuliko sisi sote. Kuna bomba la mafuta la kilomita 1,443 linalotoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani, Tanga, mafuta yake ni mazito yaganda, kwa hivo bomba lote lapashwa moto njia nzima. Mwenye hisa kubwa ni TotalEnergies ya Ufaransa. Maelfu ya familia za Uganda na Tanzania zimehamishwa mashambani, na Chongoleani ni wavuvi kama wetu, wavua kwenye mikoko na matumbawe kama yetu. Ujenzi umeshafika mbali, sikufichi. Lakini benki nyingi na kampuni nyingi za bima zimejitoa baada ya kuandikiwa na kusimamiwa mlangoni, na bima za dunia soko lake kubwa liko London, nchi hiyo hiyo uliko. Mimi nikiandika barua kutoka Lamu mlinzi haifungui. Wewe una akaunti kwao, una pensheni kazini kwako, uliza kwa maandishi pesa yangu iko ndani ya bomba hilo au haimo, na usikubali jibu la simu. Watafute na Waganda na Watanzania wa mji wako, wao ndo waseme nini kidaiwe, wewe uandike nao.

Jibu likija lipige picha ulitume, zuri au baya. Vijana wa Langoni nishawaambia waache nafasi kwenye tanga.